UMENYOA, HUJANG'OA!

Kijana mwenzangu, hebu ngoja kidogo, usilitupe karatasi hili. Je, bustanini kwenu kuna ndago?

Hapa Sepuka nani asiyeijua? Yale majani membamba yenye shina la pembe tatu, yanayoota katikati ya mchicha na vitunguu. Nilipokuwa kijana, mama alinituma nipalilie bustani nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa na haraka ya mpira. Nikapitisha jembe juu juu, bustani ikang'aa, nikaondoka zangu. Haikupita muda ndago ikarudi, tena nyingi kuliko mwanzo!

Mama hakunigombeza. Alichimba, akanionyesha chini: viazi vidogo vyeusi vimeungana kama shanga kwenye uzi. Akasema, "Mwanangu, wewe umenyoa, hujang'oa." Kumbe jembe likikata ule uzi na kuviacha vile viazi ardhini, hata vilivyokuwa vimelala huamka, kila kimoja kikachipua chenyewe! Dawa yake ni kuvichimbua wakati wa kiangazi na kuvianika juani mpaka vikauke kabisa.

Neno lile lilinichoma. Siku zile nilikuwa naiba hela za alizeti za mama nikanywee pombe. Mara ngapi niliapa kuacha! Wiki moja safi, halafu narudi vibaya zaidi. Nilikuwa nanyoa tu.

Rafiki, na wewe je? Umeacha bangi kwa sababu polisi wamepita? Umeacha uzinzi mpaka mwisho wa mwezi? Watu wanakuona unang'aa, lakini chini kuna nini? Soma Waebrania 12:15 uone hatari ya mzizi ulioachwa moyoni.

Siku moja nilimwendea mama nikamwambia yote. Nilitetemeka! Alilia, nami nikalia. Nikamwomba Yesu anisamehe, kisha nikafanya vibarua mpaka nikamrudishia hela zake. Dhambi iliyoanikwa hukauka, iliyofichwa huchipua.

Sikudanganyi: ndago haiishi kwa siku moja. Hata leo, mvua ikinyesha, naenda kuikagua bustani yangu. Na moyo ni hivyo hivyo. Lakini yuko anayeng'oa! Usingoje kiangazi kingine. Sema naye sasa hivi, hapo hapo ulipo:

"Bwana Yesu, chimba. Nimechoka kunyoa. Ng'oa wewe. Amina."

Halafu inuka, mwendee yule uliyemkosea.