Haki ya Mwili Mbele ya Roho

Muislamu akifariki Ruponda, wilayani Nachingwea, waoshaji huanza na upande wake wa kulia na viungo vya udhu. Utupu husitiriwa kwa nguo, tumbo hukandwa taratibu, na maji ya mwisho hutiwa kafuri. Mwenye mkono mzito huambiwa apunguze, kwa kuwa Mtume alifundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuvunja mfupa wa aliye hai.

Roho imeshatoka. Heshima yote hiyo basi anapewa nani?

Ibn Sina (980–1037), tabibu na mwanafalsafa, angepata tabu kujibu. Aliwataka wasomaji wamfikirie mtu aliyeumbwa papo hapo akiwa mzima, anaelea hewani, macho yamefunikwa, viungo havigusani. Hahisi kitu, lakini hana shaka kwamba yupo. Kwa hiyo nafsi si mwili. Zaidi ya karne sita baadaye, mwaka 1641, mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alifika karibu na hapo kwa kutilia shaka kila kitu. Mei 1643 Elisabeth wa Bohemia, binti wa mfalme aliyepoteza enzi, akamwandikia: kisicho na umbo kinausukumaje mwili? Majibu hayakumridhisha, na alikuwa na haki.

Mwanazuoni wa Kiislamu al-Ghazali alishaligusa suala hili la mwili na nafsi mwaka 1095. Katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa alitaja masuala ishirini, akayahesabu matatu kuwa kufuru. Mojawapo ni kukana kwamba miili itafufuliwa. Wengi humlaumu kwa kuibana akili. Ni haki pia kukumbuka kwamba hapo aliutetea mwili.

Kwingineko aliandika kwamba matendo ya viungo huacha athari moyoni, na hali ya moyo hushuka viungoni. Wafuasi wa tarika ya Kadiria, iliyoenea kusini mwa Tanzania tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hulijua hilo kwa vifua vyao: katika zikri pumzi huvutwa kwa mpigo mmoja, mabega yanayumba pamoja, na moyo uliokuwa mzito hulainika kabla akili haijapata la kusema.

Njia hiyo ya kutoka kiungoni hadi moyoni inapita wapi, al-Ghazali hakueleza, na Elisabeth angemuuliza swali lilelile. Lakini al-Ghazali hakuanza kwa kumtenga mtu na viungo vyake, kisha akahangaika kumrudishia.