Kabla ya Kupiga Windows, Chomoeni Diski ya Zamani

Wanangu mnaoshinda na bisibisi mkononi, nina neno moja la kazi yetu. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wanatuletea mashine zao. Huyu anataka Windows 11, yule kaambiwa Linux itamfufulia kompyuta yake kuukuu, na wengi wao wanaishia kununua SSD ya kuongezea. Uamuzi ni mzuri, siupingi. Lakini kati ya kuingiza diski mpya na kubonyeza kitufe cha kuanza kusakinisha kuna kipindi kifupi ambacho mafundi vijana hukipita mbio, na humo ndimo kazi za watu za miaka mingi zinamopotelea.

Nawaona mnavyohangaika na diski mpya. Haionekani, mnatoka jasho. Inaonekana lakini inakataa kupokea mfumo, jasho linazidi. Akili yote iko kwake. Na diski mpya haina kitu ndani. Uifute mara kumi, hujamdhulumu mtu. Iliyo hatarini ni ile ya zamani iliyokaa kimya pembeni, bado imechomekwa. Humo mna hesabu za kikoba, mitihani ya mwalimu, picha za harusi ya watu ambao mmoja wao ameshatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo neno langu ni hili, na mkilishika hili mengine yatakuwa mepesi: kabla hamjapiga Windows kwenye diski mpya, zimeni mashine, toeni umeme, na kama ni laptopu chomoeni na betri, kisha itoeni diski ya zamani muiweke mezani. Ndipo muanze.

Kuna atakayesema huko ni kupoteza muda, mbona kwenye orodha ya diski unachagua tu unayoitaka. Itazameni hiyo orodha vizuri. Programu ya kusakinisha haijui diski ni ya nani. Inawaandikia Disk 0 na Disk 1, na ukubwa wake, basi. Namba hizo hazifuati ukongwe. Diski mpya inaweza kuwa 0 na ya zamani ikawa 1. Ukubwa nao unachanganya: diski iliyoandikwa GB 500 kwenye boksi husomeka GB 465 hivi kwenye skrini, kwa kuwa kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, na Windows huhesabu kwa 1024. Mteja akiwa na ya zamani ya GB 500 na akanunua mpya ya GB 500, mtaona mistari miwili inayokaribia kufanana kabisa. Kwenye Linux ni yale yale. Jina kama sda au sdb linaweza kuhamia diski nyingine ukiwasha tena mashine, na lile chaguo la kufuta diski nzima lipo pale pale, limekaa kama mwaliko.

Sababu nyingine imejificha, na hii inawakamata hata waliochagua diski sahihi. Mashine za UEFI huwaka kwa kusoma patisheni ndogo iitwayo EFI, ambayo Windows kwa kawaida huipa MB 100. Programu ya kusakinisha ikikuta patisheni hiyo tayari ipo kwenye diski ya zamani, mara nyingi haitengenezi nyingine. Inaweka faili za kuwashia humo humo, hata kama Windows yenyewe umeielekeza kwenye SSD. Kazi itakwisha vizuri, mteja atalipa, atashukuru, atakwenda zake. Kisha diski ya zamani ikifa, au akimpa mwanawe, asubuhi atakuta mashine inasema hakuna kifaa cha kuwashia. Windows ipo nzima, ila mlango wake umejengwa kwenye nyumba ya jirani.

Niliwahi kuletewa mashine ya namna hiyo na mama mmoja mwenye duka la vitambaa. Alikuwa ameshaambiwa kwamba SSD imeungua, anunue nyingine. Haikuwa imeungua. Nilipunguza patisheni kuu nikapata nafasi ndogo, nikatengeneza patisheni ya EFI kwenye SSD yenyewe, nikaandika upya faili za kuwashia kwa amri ya bcdboot, na mashine ikawaka, hesabu zake zikiwa pale pale alipoziacha. Mama yule alibakiza kidogo alipie kitu asichokihitaji, kwa sababu mtu alipiga Windows diski zote mbili zikiwa zimechomekwa.

Zipo mashine ambazo diski ya zamani haitoki kirahisi, imeunganishwa kwenye bodi au imefunikwa na bamba la kupoza. Baadhi huruhusu kuizima njia yake ndani ya BIOS; fanyeni hivyo. Isipowezekana, chukueni karatasi, andikeni jina la diski, ukubwa, na namba yake ya kiwandani, muiweke karatasi hiyo mbele ya macho kazi yote. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mteja ndiyo ya kwanza kuandikiwa daftari.

Sasa diski mpya inapogoma. Ujumbe mtakaokutana nao sana ni ule unaosema diski ina jedwali la MBR na mashine ya EFI inakubali GPT tu. Ueleweni kwanza kabla ya kuutafutia dawa. MBR ni mpangilio wa mwaka 1983, wakati wa PC DOS 2.0. Unahesabu sekta kwa biti 32, na kwa sekta za baiti 512 hesabu hiyo inaishia kwenye TB 2.2 hivi. Una nafasi ya patisheni kuu nne. GPT ilikuja kuondoa mipaka hiyo, na huweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski, ili la mwanzo likiharibika kuwe na pa kurejea. Kwa hiyo mashine inapokataa MBR haiwaonei. Msiikwepe kwa kuirudisha kwenye hali ya zamani ya BIOS. Windows 11 inadai UEFI, na mtakuwa mmemwachia mteja tatizo la kesho.

Dawa mnayoijua wote ni diskpart. Mnaandika amri ya clean, halafu convert gpt. Hapa naomba mtulie. Amri ya clean haiulizi kama una uhakika. Ukibonyeza Enter, imeshafuta jedwali la diski uliyoichagua, iwe ndiyo au siyo. Basi andikeni list disk, chagueni kwa select disk, kisha andikeni list disk tena. Mtaona alama ya nyota kwenye mstari wa diski iliyochaguliwa. Halafu andikeni detail disk, msome jina lake na vilivyomo. Mkiona hapo jina la diski ya zamani, au patisheni zenye majina ambayo diski mpya haiwezi kuwa nayo, ondoeni mkono kwenye kibodi. Na kama diski ya MBR ni ile yenye Windows na mali za mteja, clean haihusiki kabisa. Ipo programu ya mbr2gpt, inayokuja na Windows 10 tangu toleo la 1703, inayobadilisha diski ya mfumo bila kuifuta. Hata hiyo msiitumie kabla ya kuweka nakala pembeni.

Kisa kingine ni laptopu zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea. Mnaweka flashi, mnafika kwenye orodha ya diski, orodha ni tupu. Wengi hukimbilia kusema diski ni mbovu. Mara nyingi ni nzima. Kinachokosekana ni draiva ya Intel ya kusimamia diski, kwa kuwa mashine imewekwa kwenye hali iitwayo VMD. Ipakueni kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, muifungue, muiweke kwenye flashi, kisha bonyezeni sehemu ya kupakia draiva. Diski itajitokeza.

Wapo wanaofundisha njia ya mkato: ingia BIOS, zima VMD, maliza. Kwa mashine isiyo na mfumo mwingine, sawa. Lakini kama kuna Windows ya zamani inayotakiwa kuendelea kuishi, kubadilisha hali hiyo kunaweza kuifanya ishindwe kuwaka. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, mabadiliko ya namna hii yanaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Mteja hajawahi kusikia habari za ufunguo huo. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, mashine nyingi zilizosakinishwa upya hujifunga zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, wala mwenyewe hajui. Kwa hiyo muulizeni mapema, kabla hata bisibisi haijagusa skrubu: "Mama, akaunti yako ya Microsoft unaikumbuka?" Mkae naye aifungue kwenye simu yake, mhakikishe ufunguo upo, auandike. Kama mashine ni ya ofisi, ufunguo ataupata kwa watu wake wa kompyuta. Usipopatikana popote, hakuna fundi Kariakoo wala ng'ambo atakayeifungua diski hiyo, na anayeahidi kuifungua anatafuta fedha za watu.

Matatizo madogo nayapitia haraka. Diski za M.2 za SATA na za NVMe zinakaribia kufanana kwa sura, lakini si kila tundu linazipokea zote mbili. Someni kitabu cha bodi. Kwenye bodi nyingine, ukijaza tundu la M.2 njia moja ya SATA inazimika, na diski ya zamani "inapotea" bila ubaya wowote. Flashi ya FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Waya wa SATA uliolegea umewafanya watu wengi waitukane diski isiyo na kosa. Na diski mpya isipoonekana ndani ya Windows, inawezekana haijaandaliwa tu. Lakini Windows ikiwaambia diski yoyote inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, jiulizeni kwanza imetoka wapi. Iliyotoka kwenye mashine ya Linux au ya Mac inaweza kuwaletea ujumbe huo huo ikiwa imejaa mali za watu.

Hili la mwisho nalisema kama mtu wa zamani kwa watu wa sasa. Sisi tulijifunza kazi kwenye diski za sahani zinazozunguka. Ulichofuta kwa bahati mbaya kilibaki mle ndani mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kwa programu ya kurejesha mafaili tuliwaokolea wengi. Ujasiri huo mmeurithi kwetu, na kwa SSD haufai. SSD hupokea agizo liitwalo TRIM, mfumo ukiiambia kwamba sehemu fulani hazitumiki tena, nayo huanza kuzisafisha yenyewe. Ukifomati SSD kwenye Windows, agizo hilo hutumwa. Baada ya muda mfupi programu za kurejesha hazipati cha kurejesha. Msimpe mteja matumaini ya enzi zetu kwa vifaa vya enzi yenu.

Basi nakala iwe kazi ya kwanza, nayo ilipiwe. Mwambieni mteja waziwazi kwamba kunakili mali zake ni kazi yenye bei yake, na kwamba hamuanzi bila hiyo. Atakayesema ana haraka, asubiri au aende. Ni heri kumkosa mteja mmoja kuliko kukaa naye uso kwa uso ukimweleza kwamba picha za mama yake hazipo tena. Pimeni na afya ya diski ya zamani kabla ya kunakili. Ikionyesha sekta mbovu zinaongezeka, msihangaike kuitengeneza, nakilini yaliyo muhimu kwanza ingali inapumua.

Diski ya zamani ikishatoka, ni mali ya mteja. Msiitupe kwenye droo, msimuuzie mwingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za mtu zilizomo kwenye diski ni taarifa zake hata kama diski ni kuukuu. Mrudishieni mkononi, ndani ya bahasha yenye jina lake, na mwambieni asiifute wala kumpa mtu mpaka awe ameitumia diski mpya kwa mwezi mzima na kuona kila kitu chake kipo.