Tapeti Iliyonyamazishwa

Kisa hiki kina dereva mmoja, mafundi watatu na uwazi mwembamba kuliko karatasi ya kuandikia. Dereva ni kijana wa bodaboda anayepanda Mgeta akitokea Sangasanga, pale njia inapoachana na lami ya kwenda Iringa na kuanza kukwea Milima ya Uluguru. Kupanda hubeba abiria, kushuka hubeba karoti na kabichi za kwenda sokoni Morogoro. Pikipiki yake ni 125 ya fimbo, mojawapo ya nakala za Kichina za Honda CG125 zilizojaa nchi nzima.

Tuiseme kidogo injini hiyo, maana wanaoidharau wengi hawaijui. Honda waliitoa CG125 katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki ni chombo cha kazi na matunzo ni ya kubahatisha. Kamshafti waliiweka chini, jirani na krenki, izungushwe na gia ili pasiwe na cheni ya kulegea. Ina nundu moja tu. Nundu hiyo husukuma fimbo mbili ndefu zinazopanda hadi kwenye kichwa cha injini, na huko juu roka mbili zinabonyeza valvu mbili: moja ya kuingiza mchanganyiko wa hewa na petroli, nyingine ya kutoa moshi. Ni injini inayovumilia oili chafu, vumbi na mizigo ya magunia. Isichovumilia ni kunyimwa uwazi wake. Kati ya roka na kichwa cha valvu lazima ibaki nafasi, ambayo mafundi wetu huiita tapeti kwa mkato, na kwenye CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi.

Kijana wetu alianza kusumbuliwa na kelele. Tek-tek-tek, hasa asubuhi na hasa akiwa amesimama kijiweni akisubiri abiria. Wenzake wakaanza kumtania kwamba amepanda cherehani. Akaenda kwa fundi wa kwanza, kijana mwenzake mwenye fila, yaani zile bamba nyembamba za chuma zilizoandikwa vipimo. Fundi akafungua mfuniko wa roka, akapima, akaseti 0.08 kila upande, akafunga. Kelele ikapungua, haikuisha.

Fundi hakuwa amekosea kupima. Ncha ya roka ya upande wa moshi ilikuwa imeliwa, ikafanya kishimo kidogo palepale inapogonga kichwa cha valvu. Fila ni bapa iliyonyooka, na kwenye kishimo hupita juu kama daraja juu ya korongo. Kwa hiyo ilisoma 0.08 wakati nafasi halisi ilikuwa kubwa zaidi, na ziada hiyo ndiyo iliyokuwa inagonga. Fundi akamweleza: “Kaka, roka imeliwa. Ukipata hela leta mpya, kelele itaisha. Kwa sasa iache ilie, haidhuru sana.”

Ushauri huo ulikuwa sahihi, ila ulikuwa na kasoro moja kubwa: haukuleta ukimya. Dereva akaenda kwa fundi wa pili.

Fundi wa pili hakuwa na fila. Pikipiki ilifika ya moto, imetoka kazini, naye akaanza nayo hivyohivyo. Akalegeza nati, akakaza skrubu ya tapeti robo mzunguko, akapiga kiki, akategea sikio. Bado. Akakaza tena. Alipomaliza, injini ilikuwa inanguruma kwa utulivu, huoni hata dalili ya tek-tek. “Umetisha, fundi,” dereva akasema, akalipa na kuongeza hela ya soda.

Nijuavyo mimi, lawama nyingi kwenye kisa hiki humwangukia huyu wa pili. Ni kweli aliseti kwa sikio injini ikiwa ya moto, wakati vyuma vyote vimetanuka na hakuna kipimo cha kitabu kinachofuatika. Lakini mteja ndiye aliyekwenda kununua ukimya, na fundi anayelipwa kwa ukimya atauza ukimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa valvu ya moshi maneno hayo ni habari ya kiufundi kabisa.

Valvu hiyo inaishi maisha magumu kuliko kitu kingine chochote ndani ya injini. Joto lake hupita nyuzi 700 za Selsiasi injini ikivuta mzigo. Mwenzake wa kuingiza hupoozwa na mchanganyiko mpya unaoingia, yeye hupitiwa na moto tu. Njia yake kubwa ya kupoa ni moja: kila anapofunga, ukingo wake hukaa kwenye kiti chake ndani ya kichwa cha injini, na hapo ndipo kiasi cha robo tatu ya joto lake huhamia. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu hufunguka na kufunga mara 50 kila sekunde, kwa hiyo muda wa kupumzika kitini ni mfupi mno. Ukimpunguzia hata huo, anaungua.

Tena uwazi wa upande wa moshi, tofauti na watu wengi wanavyodhani, haupanuki tu kadiri injini inavyozeeka. Roka na vichwa vya fimbo vikiliwa, nafasi huongezeka na kelele huja. Lakini kiti na ukingo wa valvu navyo huliwa, valvu inazama juu kidogokidogo ndani ya kichwa, mkia wake unaisogelea roka, na nafasi hupungua bila sauti yoyote. Tapeti inayolia inakupa taarifa. Inayobana haisemi kitu. Pikipiki iliyosetiwa sifuri leo, baada ya majuma machache ya kupanda mlima iko chini ya sifuri: roka imeishikilia valvu wazi kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na moto wa kila mlipuko unapenya pale ukikata chuma.

Juma la kwanza hapakuwa na neno. Kisha asubuhi kiki zikaanza kuongezeka. Pikipiki ikishawaka, ikawa inaenda vizuri tambarare na kuchoka mlimani. Sailensa ikawa inatoa milipuko midogo kila akiachia mafuta kwenye mteremko. Dereva akabadilisha plagi. Akaosha kabureta. Mwenzake kijiweni akamwambia ni CDI, kile kisanduku cha kuongoza cheche ya plagi, akanunua CDI. Dalili iliyokuwa mguuni pake kila siku hakuijali: kiki ilikuwa imekuwa nyepesi. Kiki ya injini nzima hukataa inapofika mahali fulani, unaisikia ikikusukuma unyayo. Yake ilikuwa inashuka tu hadi chini.

Ilimzimikia kwenye kona ya kupandia Langali, gia ya kwanza, nyuma amembeba mama aliyetoka sokoni na mizigo yake.

“Mama, naomba ushuke kidogo tuisukume.”

“Mwanangu, mimi nimelipa nauli ya kupanda. Ya kusukuma sijalipa.”

Ikarudishwa chini kwa kuserereka mteremko, injini imezima, hadi kwa fundi wa tatu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Asubuhi imewaka kwa kiki ngapi?”

Mzee hakugusa kabureta. Aliibonyeza kiki kwa kiganja, ikashuka bila ubishi, naye akafungua mfuniko wa roka. Akaitafuta alama ya T kwenye magneti, inayoonyesha pistoni iko juu kabisa, akaishika roka ya kuingizia, ikacheza kidogo sana. Akaishika ya moshi, haikutikisika kabisa. Akailegeza hadi nafasi ikapatikana, akajaribu kiki tena: nyepesi vilevile. Maana yake uharibifu ulikuwa umeshafanyika, kuseti kusingeurudisha. Kichwa kikashushwa, kikageuzwa, akamimina petroli kidogo kwenye tundu la moshi. Ikachuruzika papo hapo upande wa pili, kwenye ukingo wa valvu. Ilipotolewa, ukingo ulikuwa na pengo la kama milimita tatu, limeliwa kwa mshazari, rangi yake imepauka tofauti na weusi wa sehemu nyingine. Kitini napo palikuwa na mkwaruzo unaofanana nalo. Valvu mpya, roka mpya, gasketi, na kazi ya kukisaga kiti hadi kikae sawa pande zote.

Kuseti hakukufanyika siku hiyo. Mzee aliilaza pikipiki gereji hadi alfajiri. Vitabu vya Honda hutaka injini iwe chini ya nyuzi 35 wakati wa kupima, na Morogoro ya miezi ya joto saa nane mchana hewa yenyewe inakaribia hapo, sembuse chuma.

Asubuhi alitoa plagi kwanza ili krenki izunguke bila kushindana na mgandamizo. Akafungua kifuniko cha upande wa magneti na kuizungusha kinyume cha saa, macho yakiwa kwenye roka ya kuingizia. Ilibonyea ikarudi juu. Akaendelea polepole hadi alama ya T ikalingana na alama ya kwenye ganda. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu T hupita mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi: mara moja pistoni ikiwa imebana mchanganyiko, mara nyingine ikimalizia kutoa moshi wakati valvu zote mbili ziko wazi kidogo. Ukiseti kwenye ile ya pili, utalegeza kupita kiasi ili tu upate nafasi, na injini italia vibaya. Ushahidi ni roka zenyewe: zote mbili lazima zicheze kwa vidole.

Akapitisha fila ya 0.08. Inatakiwa ipite ikishikwashikwa, mkono uhisi msuguano. Akaishikilia skrubu isizunguke huku akikaza nati, halafu akapima tena, maana nati ikikazwa hupenda kuiburuta skrubu pamoja nayo. Mara ya kwanza ilibana kidogo, akarudia. Mwisho akajaribu fila ya 0.10, ikagoma kuingia. Kipimo kinachopita na kinachofuata kinachogoma, hapo hakuna mjadala. Fundi asiye na fila anaweza kutumia wembe wa kunyolea wa makali mawili, ambao unene wake ni kama 0.1, na sitamcheka. Wembe umezidi kidogo, na afadhali kuzidi kidogo kuliko kubana.

Injini ilipowaka kwa kiki ya pili ilikuwa na mlio. Si ule wa zamani, ni mwepesi na wa mpangilio, ila upo. Dereva akamtazama mzee, mzee akawa anafuta spana.

Masharti yalikuwa mawili. Arudi baada ya kilomita mia tano, kwa kuwa valvu mpya na kiti kilichosagwa huendelea kukaliana na nafasi hupungua mwanzoni. Aliporudi upande wa moshi ulikuwa umeshuka hadi 0.05, ukarudishwa. Baada ya hapo ni kila kilomita elfu tatu, na kwa mtu anayekwenda kilomita mia moja kwa siku hiyo ni kila mwezi. Sharti la pili lilitokana na la kwanza. Mita ya pikipiki ilikuwa imekufa muda mrefu, kamba yake imekatika, na mzee alikataa kuitoa pikipiki gereji kabla kamba mpya haijafungwa. Katika yote aliyoyanunua dereva tangu siku ile ya soda, ikiwa pamoja na ile CDI ambayo haikuwa na kosa, kamba hiyo ndiyo iliyomgharimu kidogo kuliko vyote.