Kujenga Nje ya Mji, na Haki ya Njia na ya Jirani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Sifa njema zote ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Watu wengi wa pwani hii wamehama mitaa ya wazee wao. Wa Mji Mkongwe wa Unguja amejenga Fuoni au Tomondo. Wa Mji wa Kale wa Mombasa amevuka daraja la Nyali, amejenga Kisauni. Wala hapana lawama. Nyumba yenyi nafasi ni neema, na Mtume (s.a.w.) aliihisabu katika saada ya mtu, pamoja na mke mwema na jirani mwema na kipando kizuri. Walakini mwenyi kununua kiwanja huuliza maji, huuliza taa, huuliza skuli ya watoto na duka na kituo cha gari. Akiisha kuridhika hutoa fedha. Nani atapakana naye, na msikiti u wapi, hayo huyauliza baada ya kuezeka.

Banu Salima walikuwa watu katika Ansari, na majumba yao yalikuwa mbali na msikiti wa Mtume, Madina. Ulipopatikana uwanja karibu na msikiti walitaka kuhamia. Khabari ikamfikia Mtume (s.a.w.), akawaamrisha wakae majumbani mwao, akawajulisha ya kuwa nyayo zao za kwendea msikitini huandikwa. Hayo ameyapokea Jabir, nayo yamo katika Sahihi ya Muslim. Na katika mapokezi ya Anas kwa Bukhari, Mtume alichukia Madina iachwe wazi pembezoni. Mtaa wao ndipo ulipo Msikiti wa Kibla Mbili, ambao mahujaji huuzuru hatta leo. Basi aliye Fuoni asifanye umbali kuwa udhuru. Umbali ule ule ndio akiba yake.

Ama njia, hapo ndipo penyi dhuluma kubwa. Mtaa ulipokuwa mpya palikuwa peupe. Huyu akasogeza ukuta wake dhiraa moja, na wa mbele yake akasogeza wake. Leo jeneza halipiti illa kwa kuinamishwa ubavu, na gari la zimamoto halipiti kabisa. Abu Hurayra amepokea ya kuwa watu wakigombana juu ya upana wa njia, Mtume alihukumu iwe dhiraa saba. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ameharimisha kujenga baraza katika njia ya watu wote, au kupanda mti humo. Kauli ya kujuzisha ikiwa haidhuru ameitaja kwa udhaifu. Wapenda baraza na kahawa hawatalifurahia neno hili, lakini ndiyo madhehebu yao.

Na jirani je? Bibi Aisha alimwuliza Mtume (s.a.w.): ana majirani wawili, zawadi ampelekee yupi? Akaambiwa, ni yule ambaye mlango wake u karibu zaidi naye. Hakuambiwa jamaa, wala mwenyi cheo. Lakini aliyehamia nje ya mji, siku ya Ijumaa hutia sahani ya pilau garini akaipeleka kwa jamaa zake mjini, na aliye mlango wa pili, ambaye jina lake halijui tangu mwaka wa juzi, hupata harufu.