Ni Hobi Tu, Pasta

Masomo: Luka 11:24–26, Hesabu 11:4–6, Wafilipi 2:4



Tuliosoma shule za hapa Kenya tunakumbuka ile insha ya Kiswahili: "Uraibu wangu ni kusoma vitabu na kuogelea." Nusu ya darasa haikuwa imewahi kuona kidimbwi cha kuogelea, lakini tuliandika. Siku hizi neno hilo hilo, uraibu, unalisikia kwa redio likitajwa pamoja na pombe na dawa za kulevya. Neno moja, maana mbili: jambo unalolifanya ukipenda, na jambo linalokuendesha hata usipopenda. Wiki hii nataka tukae hapo katikati, kwa sababu kuna mtu ameniuliza swali.

Ni ndugu wa kanisa hili, na ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Alianza kucheza poka akiwa chuo kikuu, akaiacha miaka sita iliyopita, kabla ya harusi yake. Leo ana kazi nzuri na watoto wawili. Wenzake wa kazini wameanzisha meza ya Ijumaa jioni nyumbani kwa mmoja wao, kila mtu anaingia na shilingi 2,000. Akaniambia, "Pasta, si kasino. Si kubeti kwa simu. Ni hobi tu. Kuna ubaya?"

Sikumrukia. Biblia haina aya inayokataza kushika karata. Hata mitume walipiga kura kumpata wa kuchukua nafasi ya Yuda, Matendo 1:26. Lakini angalieni vizuri: pale hakuna aliyetoka na mfuko mzito kwa sababu mwenzake ametoka na mtupu.

Kwa wasioujua mchezo, nieleze kidogo. Katika aina inayojulikana zaidi, kila mchezaji anapewa karata mbili anazoziona yeye peke yake, halafu tano zinawekwa wazi mezani kwa ajili ya wote. Unaweka pesa au unajitoa. Ukiwa na karata mbovu unaweza kuongeza dau kwa uso mkavu, na mwenye karata nzuri akaogopa akatoka. Jozi bora kabisa ya kuanzia utaipata kwa wastani mara moja katika kila mara 221, kwa hivyo muda mwingi unacheza na uso wako na mfuko wako. Vile vidude vya kuhesabia pesa wanaviita chipsi. Si za viazi.

Ndugu yetu alinipa hoja mbili, na zote ni za mtu mwenye akili.

Ya kwanza: poka si bahati, ni ujuzi. Akanitajia Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee kule Marekani (hilo ndilo jina lake la ukoo kweli, sijaliongeza chumvi). Mwaka 2003 alipita kwenye mchujo wa mtandaoni wa dola 86, akafika Las Vegas, akawashinda watu kwenye mashindano makuu ya World Series of Poker, akaondoka na dola milioni 2.5. Mwaka ule walioingia walikuwa 839. Mwaka 2006 waliingia 8,773. Vijana wengi duniani walimwona mhasibu wa kawaida wakasema, kwani mimi nina nini?

Sasa, mimi nilisomea biashara kabla ya kusomea uchungaji, na nikisikia habari ya faida swali langu la kwanza ni moja: pesa imetoka wapi? Zile milioni zilitoka kwa wachezaji wenyewe. Ada ya kuingia ilikuwa dola 10,000 kwa kila kiti. Mama mboga akiniuzia sukuma ya shilingi 20, yeye anaenda na faida yake, mimi naenda na chakula cha jioni. Sote wawili tumefika nyumbani tukiwa afadhali kuliko tulivyotoka. Kwenye meza ya poka hakuna sukuma. Watu sita wakiingia na 2,000 kila mmoja, mezani kuna 12,000, na mkikesha hadi asubuhi zitabaki 12,000. Kwa kasino hazifiki hata hapo, maana mwenye meza anakata chake, na yeye hashiki karata hata moja.

Kwa hivyo nilimwambia: tuseme una haki, ni ujuzi. Basi hiyo ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Kama ingekuwa bahati tupu, ungekuwa umemkabidhi bahati riziki ya watoto wako, na Isaya 65:11 ina maneno makali kwa wanaoiandalia bahati meza. Lakini kama ni ujuzi, basi ukikaa pale unamjua ni nani utakayemla. Unamwona yule kijana mgeni wa ofisi anayecheka sana karata zikiwa mbaya. Unajua analipa kodi tarehe tano. Wafilipi 2:4 inatuambia tuangalie na mambo ya wengine, na poka nayo inakufundisha kuyaangalia kwa makini sana, ili uyatumie.

Hoja yake ya pili: basi tucheze bila pesa. Hapo, wapendwa, msishtuke, tulicheza. Jumapili iliyotangulia tulikuwa na shukrani ya mavuno na ofisini kulikuwa na maharagwe. Tukaketi watatu, yeye, mimi na shemasi mmoja, tukagawana. Nusu saa nzima hakuna aliyejitoa. Mtu akiongeza, tunafuata. Shemasi aliweka maharagwe arobaini bila hata kuangalia karata zake, akaomba chai. Ndugu yetu alicheka, akaweka karata chini, akasema, "Pasta, hii haina utamu. Lazima mtu aumie kidogo."

Halafu akanyamaza. Mimi pia sikuongeza neno.

Nilimsomea Hesabu 11. Wana wa Israeli jangwani walikumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu, hadi saumu. Orodha nzima ya jikoni. Matofali hayamo. Kilio cha watoto waliotupwa mtoni hakimo. Miaka ikipita, kumbukumbu inafanya kazi ya mtangazaji wa biashara. Ndugu yetu aliweza kunieleza karata kwa karata mkono alioshinda akiwa mwaka wa tatu chuoni. Nilipomuuliza jumla ya alichopoteza, hakuwa na hesabu.

Nikamuuliza, mke wako anajua kuhusu Ijumaa? Hajui. Nikamwambia uamuzi ni wake, lakini kabla ya kuniuliza mimi angemuuliza yeye. Akamwambia jioni ile. Yule dada hakupiga kelele. Aliuliza tu kama friji hii nayo itauzwa.

Hakwenda Ijumaa ile. Ijumaa zijazo ziko mikononi mwa Mungu na mwake.

Lakini somo letu kuu ni Luka 11, na hapo lazima niliguse kanisa. Bwana anasimulia habari ya pepo aliyetoka, akazunguka, akaamua kurudi, akaikuta nyumba ni safi, imepangwa vizuri, akaingia na wengine saba. Tumezoea kuhubiri wale saba. Mimi siku hizi naitazama nyumba. Uchafu uliondolewa, lakini mahali pake hapakuingia mtu wa kukaa.

Maana nilipomuuliza ndugu huyu anakosa nini hasa, hakutaja pesa kwanza. Alisema anakosa wanaume kukaa meza moja, kutaniana kwa majina, na kuumiza kichwa juu ya kitu kisicho kazi. Kisha akasema, kwa upole sana, kwamba tangu aokoke miaka ile, kanisani ameitwa kwenye kesha, kamati ya ujenzi na mchango. Hakuna aliyewahi kumwita aketi tu. Sikuwa na aya ya kumjibu.

Mzee wa kanisa amekubali. Kuanzia Ijumaa hii, saa kumi na mbili na nusu jioni, ukumbi mdogo utakuwa wazi kwa wanaume wote, waliookoka na ambao bado. Hakuna mahubiri, hakuna bahasha. Chai ipo, na maharagwe yale tumeyapika na mahindi. Bao la drafti ninalo. Kinachokosekana ni vizibo vya soda, ishirini na vinne. Ukiwa navyo, njoo navyo.