Mlango wa Hewa na Dhamana ya Fundi



Safari hii naomba mnivumilie, maana nataka kuwapeleka gereji. Kurasa hizi zimezoea kuzungumzia lugha yetu, malezi ya watoto na fedha za kutuma nyumbani. Mimi ni mkerezaji wa vyuma. Kazi hii nilianza kujifunza kwa mjomba wangu kule Tanga, na sasa naifanya hapa Ohio. Swali linalonikosesha usingizi limetoka kwenye chuma, lakini naamini si la chuma peke yake.

Jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyestaafu, anajenga ndege bandani kwake. Ni ndege ya kweli, ya viti viwili. Sheria ya hapa inaruhusu raia ajijengee ndege, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na wajenzi wenyewe, kwa kujifunza au kujifurahisha. Injini aliyoichagua ilitoka kwenye gari la Mazda. Inaitwa 13B, nayo ni ya aina ile iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel, ambayo ya kwanza iliwaka mwaka 1957. Haina pistoni wala vali. Ndani yake mna rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya nyumba iliyobanwa kidogo katikati, na shafti moja inayozunguka mara tatu kila rota inapozunguka mara moja. Wajenzi wa ndege wanaipenda kwa wepesi wake na uchache wa vitu vinavyoweza kukatika. Hawapendi joto lake, kelele zake na kiu yake ya mafuta.

Injini hii haina vali, kwa hiyo kinachoamua tabia yake ni tundu la kuingizia hewa: liko wapi, na lina ukubwa gani. Mchongaji ana njia tatu. Ya kwanza ni mlango wa ubavuni, uliotoka nao kiwandani. Rota yenyewe inaufungua na kuufunga inapopita, hivyo injini inatulia vizuri kwenye silensa na haili mafuta ovyo. Ya pili ni mlango wa daraja. Hapo unachonga tundu la ziada juu ya lile la ubavuni, na kati yake unaacha ukanda mwembamba wa chuma ili sili ya pembeni ipate pa kukanyaga. Ukanda huo ukikatika, vipande vyake vinaingia ndani. Ya tatu ni mlango wa ukingoni. Huu unatobolewa kwenye ukuta uleule ambao ncha za rota zinausugua. Hewa inaingia moja kwa moja bila kupinda. Lakini mlango huo haufungiki kabisa: chumba kimoja kikiuacha, kingine kimeshaupokea, na moshi uliobaki unachanganyika na hewa mpya. Mizunguko ikiwa ya chini injini inamisi. Mizunguko ikipanda, inaimba.

Kwa mlango wa ubavuni, 13B za miaka ya 1980 zisizo na tabo zilitoa nguvu za farasi kama 135 hadi 160 kwenye gari. Wanaotoboa ukingoni hulenga zaidi ya 200. Mzee aliniletea nyumba zake mbili za rota akanambia, "Wewe una mashine na una mkono. Nitobolee ukingoni."

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa la kumhukumu. Nilijisemea kimoyomoyo, mtaka yote hukosa yote. Ndege itaruka kwa 160. Hizo za juu ni za nini kama si tamaa? Nikamwambia hivyo, kwa adabu lakini bila kuficha.

Akanijibu kama mtu aliyekwisha kulifikiri jambo. "Gari linasimama kwenye taa, kwa hiyo linahitaji silensa nzuri. Ndege haina foleni. Inapaa kwa nguvu zote, kisha inasafiri kwa mizunguko ileile saa nzima. Mlango wa ubavuni ulichongwa kwa ajili ya mjini. Na mwisho wa kiwanja ninachorukia pana miti. Wewe unaiita tamaa, mimi naiita akiba."

Nilinyamaza, maana alikuwa na haki. Methali nilizobeba kutoka nyumbani zilikuwa tayari kabla sijalielewa swali.

Nikarudi na hoja nyingine. Wakati wa kutua, rubani anapunguza moto karibu wote. Injini ikimisi hapo ikazimika, na uwanjani akaona kuna mnyama, atapandaje tena? Akasema silensa itapandishwa. Nikasema, basi propela itaendelea kuivuta ndege wakati wewe unataka ishuke, na uwanja utakuishia. Akacheka. Tulikaa hadi usiku tukihamisha hatari kutoka chumba kimoja kwenda kingine, kama wapangaji wasio na pa kulala. Hakuna mlango ulioifuta. Kila mmoja uliipa anwani mpya.

Nadhani hapo ndipo swali la ufundi linapokwisha na swali la dhamana linapoanza. Tofauti niliyoiona mimi haikuwa kati ya nguvu nyingi na nguvu chache. Ilikuwa kati ya makosa yaliyokwisha kulipiwa na makosa yanayosubiri mlipaji. Mazda ilianza kuuza gari la rota mwaka 1967. Tangu hapo injini zenye mlango wa ubavuni zimeharibika mikononi mwa watu wengi, nao wakajifunza. Mlango wa ukingoni nao una sifa: gari la Mazda lenye rota nne na milango ya namna hiyo lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1991. Lakini gari la mashindano likizimika, dereva husogea pembeni. Tena kazi yangu ingehitaji kupita kwenye ukuta wenye njia za maji, kupachika bomba, na kuziba kingo zake zisivuje kwenye joto kali. Tundu hilo lingekuwa langu. Hakuna aliyewahi kukosea kwa niaba yangu.

Wako watakaosema mwenye mali ndiye mwenye amri: ndege yake, roho yake, wewe toboa ulipwe. Sikubali kwamba fundi anaweza kunawa mikono kirahisi hivyo. Hapa Ohio, mjini Dayton, ndipo ndugu wawili Wright walipokuwa na duka lao la baiskeli. Injini yao ya mwaka 1903 ilichongwa na fundi wao, Charlie Taylor, kwa muda wa wiki sita hivi. Watu wanamkumbuka rubani, lakini rubani alikalia kazi ya mkono wa Taylor. Mwaka 1908 propela ya ndege yao ilipata ufa ikiwa angani karibu na Washington. Orville Wright aliumia vibaya. Abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, alifariki, akawa wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini. Orville alikuwa anaijua ndege ile kuliko mtu yeyote. Selfridge alikuwa na hamu na imani.

Sheria ya hapa imelitambua jambo hili. Ndege ya kujengwa nyumbani yenye injini isiyo na cheti cha ndege kwa kawaida hupangiwa saa 40 za majaribio, katika eneo maalumu na bila abiria. Baada ya hapo abiria anaruhusiwa, lakini mbele ya macho yake liwepo tangazo kwamba chombo hiki hakikutengenezwa kwa masharti ya usalama ya ndege za kawaida. Naiona busara ndani yake. Una ruhusa ya kubahatisha, ila anza na roho yako, na anayekufuata ajue anachopanda.

Lakini tangazo linamfaa anayeweza kulisoma. Mzee ana mjukuu wa miaka minane, na kiti cha nyuma kimejengwa kwa ajili yake. Nilimwambia nitamtobolea, tena bure, kwa masharti mawili. Injini iwashwe ardhini muda mrefu, ifunguliwe na kukaguliwa kabla ya kufungwa kwenye ndege. Na mtoto asipande mpaka awe na umri wa kuelewa maana ya lile tangazo.

Aliniangalia kwa muda. Akasema, "Nina miaka sabini na minne. Unajua unachoniomba?"

Nilijua. Nilikuwa namwambia kwamba mtoto akishaelewa, babu huenda asiwe rubani tena, au asiwepo. Ni rahisi kupanga masharti ya haki kwa muda ambao si wako. Sisi tulioacha wazazi mbali tunafahamu jinsi neno "baadaye" linavyoweza kugeuka kuwa "haikuwezekana". Nilitamani kulirudisha neno langu, lakini kwetu wanasema majuto ni mjukuu, na safari hii mjukuu alikuwa na jina na kofia nyekundu.

Baada ya wiki mbili alikuja kuchukua nyumba zake. "Acha ukingo," akasema. "Tunabaki na ubavuni." Ameamua kuhamia kiwanja kingine, mwendo wa dakika arobaini kwa gari, chenye njia ndefu zaidi na kisicho na miti mwishoni. Sharti la ukaguzi alilikubali. La mtoto hakulijibu, nami sikuliuliza tena.

Huu ndio msimamo wangu kwa sasa. Mtu anaweza kuchagua hatari yake, na anayemkataza kwa methali tu hajamsikiliza. Ila anapombeba asiyeweza kuchagua, ampunguzie mageni kadiri awezavyo, hata kama gharama yake ni nguvu, muda au fahari. Na fundi si kisu mkononi mwa mteja. Anao mdomo, na autumie kabla ya mashine kuwashwa, kwa kuwa baada ya hapo chuma hakirudi.

Bado nina wasiwasi. Huenda siku moja angani mzee atazihitaji zile farasi nilizomnyima. Siku hiyo nami nitakuwa na la kujibu, ingawa sikutoboa kitu. Kukataa nako ni kazi ya mkono.

Wenzangu, hasa mliowahi kushika spana, mngefanyaje? Niandikieni.

Wasalaam.