Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi

Hapa Mwanza barazani kwa kahawa baada ya swala ya Isha hapakosi makocha. Jina la Hassan Mwakinyo, bondia wa Tanga, likitajwa tu, vikombe husahauliwa. Huyu anasema arudi Uingereza akalipe kisasi. Yule anasema aache mbwembwe, apigane na wa hapa hapa nyumbani. Wa tatu anasema jina ameshapata, na atundike glovu kabla hajaumizwa. Kila mmoja anatoa hukumu kana kwamba mkataba uko mfukoni mwake.

Mimi siandiki leo kumchagulia Mwakinyo mpinzani. Swali linalonishughulisha ni jingine. Sisi ambao hatujawahi kupigwa hata ngumi moja ya ulingoni, tunampangia mwenzetu kwa haki gani? Na neno letu linatubebesha dhima gani?

Tukumbuke yaliyopita. Septemba 2018, huko Birmingham, Mwakinyo alimpiga Sam Eggington, na pambano likasimamishwa raundi ya pili. Nchi nzima ikasema "tumeshinda". Septemba 2022 akaenda Liverpool kupigana na Liam Smith, na mambo yakaishia raundi ya nne. Mwenyewe alieleza kuwa mguu ulikuwa umeumia. Safari hii hakuna aliyesema "tumeshindwa". Ilisemwa "ameshindwa", na wengine wakaongeza kuwa ameuza pambano. Ushahidi? Hapana. Ushindi ulikuwa wetu sote, maumivu yakawa yake peke yake. Septemba 2023 alipokataa pambano la Dar es Salaam kwa madai kuwa makubaliano yamekiukwa, kamisheni ya ngumi za kulipwa ilimfungia mwaka mmoja, na barazani akaitwa mwoga. Alipopigana alilaumiwa, na alipokataa kupigana alilaumiwa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kichwani kwake unauona mwepesi, kwa sababu shingo inayouma si yako.

Najua jibu la shabiki. Atasema: "Mimi ndiye ninayelipa kiingilio. Bila mimi bondia hali." Ni kweli, na haki yake isipuuzwe. Aliyelipa anastahili pambano la kweli, lisilopangwa, na aliyeahidi kupanda ulingoni anapaswa kutimiza ahadi yake au kueleza udhuru wake. Lakini tujiulize tiketi imenunua nini. Mchuuzi wa Mwaloni Kirumba hununua dagaa. Hamnunui mvuvi. Upepo ukichafuka usiku na mvuvi akaamua kutoingia ziwani, mchuuzi atasikitika kwa hasara yake, lakini hana haki ya kusimama ufukweni akamsukuma majini. Anayejua mtumbwi unavuja wapi ni yule anayeupanda. Vivyo hivyo, kiingilio kimenunua kiti na pambano lililokubaliwa. Kichwa cha bondia, macho yake na ubongo wake havimo ndani ya tiketi.

Wapo watakaosema kuwa haya ni maneno tu, na bondia ni mtu mzima, atachagua mwenyewe. Hebu tumwangalie Muhammad Ali, ambaye wazee wetu walimpenda kama ndugu. Mwaka 1977, baada ya pambano lake na Earnie Shavers, daktari wake Ferdie Pacheco alijitoa, kwa kuwa aliona mwili wa Ali unaharibika na ushauri wake hausikilizwi. Ali aliendelea. Oktoba 1980 akapigwa vibaya na Larry Holmes. Desemba 1981, akiwa na umri wa miaka 39, akapanda tena na kushindwa na Trevor Berbick. Mwaka 1984 akatangaziwa kuwa ana maradhi ya Parkinson, akaishi nayo hadi alipofariki mwaka 2016. Hatusemi kuwa shabiki fulani ndiye aliyemuumiza. Lakini pambano la Holmes lilifanyika kwa sababu kulikuwa na mamilioni ya watu waliotaka kulitazama na kulilipia. Neno la mtu mmoja ni pumzi, ila maneno ya mamilioni ni upepo unaosukuma jahazi.

Na yupo aliyekataa kusukumwa. Oktoba 24, 2020, mjini Abu Dhabi, Khabib Nurmagomedov wa Dagestan alimshinda Justin Gaethje, ukiwa ushindi wake wa 29 bila kupoteza hata pambano moja. Hapo hapo akatangaza kustaafu. Baba yake, aliyekuwa ndiye mwalimu wake, alikuwa amefariki Julai mwaka huo, na Khabib alikuwa amemwahidi mama yake kuwa hatapigana tena bila baba. Mashabiki walitaka moja tu zaidi, zitimie 30. Namba nzuri, lakini kwa nani? Yeye aliitazama ahadi kwa mama yake, akaiona nzito kuliko hesabu yetu.

Tusifiche pia kauli ya wanazuoni. Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso. Na Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka mwaka 1987, liliamua kuwa ngumi ni haramu, kwa kuwa zimejengwa juu ya kuhalalisha madhara yanayoweza kufika upofu, ubongo kuharibika na hata kifo, bila aliyepiga kudaiwa chochote. Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki baada ya kupigana Dar es Salaam. Anayeifuata kauli hiyo hana mjadala kuhusu pambano lijalo. Ila namshangaa anayesema ngumi ni haramu, kisha analipa kutazama na kupiga kelele "mmalize!" Huyo amemwachia mwenzake dhambi na majeraha, yeye akaondoka na burudani.

Tumefundishwa kuwa anayetakwa ushauri ni mtu aliyeaminiwa. Sisi hata ushauri hatukuombwa, hivyo uangalifu wetu ungepaswa kuzidi. Kabla hujasema "apande tena", jiulize mambo matatu. Je, unayajua yaliyomo mwilini mwake na katika mkataba wake? Akiumia, utachangia matibabu? Na angekuwa mwanao wa kumzaa, ungesema hivyo hivyo?

Ukijibu "hapana" mara tatu, basi unachotaka ni starehe yako, na jina la ushauri umelibandika tu. Ni afadhali kunyamaza, ukamwombea salama. Na siku atakaposema "basi, nimetosheka", tumpokee kama alivyopokewa aliporudi kutoka Birmingham.

Wallahu aalam.